Matawi ya Mwembe Kabla ya Kona

Jioni ile nilikuwa nimeinama katikati ya barabara, nikitumia jembe la kuazima kumwaga mchanga juu ya mawese. Dumu moja lilikuwa limepasuka, na mafuta yalikuwa yametambaa kwenye lami kutoka ukingo wa kushoto hadi mstari wa katikati. Kila aliyefika mbio alidhani ni damu, akaweka mkono mdomoni, kisha akasogea na kusikia harufu. Baiskeli ilikuwa mtaroni, gurudumu la mbele limejikunja, na dumu la pili bado limefungwa kwa mpira kwenye keria bila hata kuvuja. Mwenye baiskeli alikuwa amekwisha kupakiwa kwenye Noah akikimbizwa hospitali. Hakuna aliyethubutu kutamka kile ambacho wengi wetu tulikuwa tumekiona usoni pake.

Dereva wa Fuso hakukimbia. Alikaa chini kando ya tairi la mbele, mikono kichwani, akirudia kwamba hakumwona.

Utingo wake, kijana ambaye sidhani kama amefika miaka ishirini, alipanda kwenye mwembe ulio kando ya kituo chetu cha magari, akavunja matawi na kuanza kuyaburuta. Nilitegemea ayalaze nyuma ya lori, palepale tulipokuwa tumesimama. Hakufanya hivyo. Alipandisha nayo mlima, akapita mwanzo wa kona, akaendelea hadi nikadhani anatukimbia, kisha akayalaza matatu, moja baada ya jingine, kwenye ile sehemu iliyonyooka ambako dereva anayeshuka bado haioni kona yenyewe.

Magari yote yaliyoshuka baada ya hapo, mpaka giza lilipoingia, yalishuka taratibu.

Kijana wa baiskeli alifariki kabla hawajafika hospitali. Alikuwa akipeleka mawese gulioni. Hii ni wiki ya kumi tangu tumzike, na katika wiki hizo zote nimekuwa nikiyaona matawi yale zaidi ya ninavyoiona baiskeli.

Majina tuliyozipa ajali

Kona yetu tunaiita kona ya mchikichi, ingawa mchikichi wenyewe ulikatwa kabla ya lami kufika. Wanaoijua njia ya Kasulu, huku mkoani Kigoma, hawahitaji kuelezwa vumbi tulilolila miaka yote, wala furaha yetu siku mitambo ilipoingia kijijini. Katika furaha ile, hata hivyo, kuna jambo ambalo hatukulitazama: kona ilibaki na ukali wake uleule, na magari yaliyokuwa yakiifikia huku yakikwepa mashimo yakaanza kuifikia kwa mwendo wa lami.

Tangu wakati huo kila ajali tuliipa jina lililokuwa tayari. Dereva akiwa mgeni, tulisema haijui njia. Akiwa mwenyeji, tulisema mwendo kasi. Akiwa wa bodaboda, tulisema amelewa au amepakia mshikaki. Sababu ilipokosekana kabisa, walikuwapo wazee waliosema kwamba mahali pale panadai, na sikuwahi kuwabeza, kwa kuwa mtu aliyezika mjukuu ana haki ya kutafuta maelezo popote anapoweza kuyapata.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika sekondari ya kata, na nilikuwa upande wa mwendo kasi. Kila mwaka, inapofika Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, nimekuwa nikiwaandikia wanafunzi ubaoni kwamba nguvu inayohitajika kulizungusha gari kwenye kona huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo, hivyo anayeiingia kona kwa kilomita 80 kwa saa anahitaji lami imshike mara nne zaidi ya anayeiingia kwa 40. Nimekuwa nikiwakumbusha pia kwamba sheria inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, na 80 kwa mabasi na malori yakiwa nje ya makazi. Yote hayo ni kweli, na sitaacha kuyafundisha.

Kilichonisumbua ni kwamba jibu la mwendo kasi lilitumaliza hamu ya kuuliza. Ukishalitamka, dereva anapelekwa polisi, lori linavutwa, watu wanarudi majumbani, na kona inabaki inamsubiri mwingine.

Tuta

Siku ya nne baada ya mazishi, vijana walinibishia hodi jioni. Walikuwa na sururu, makoleo na hasira ambayo niliielewa vizuri.

"Mwalimu, leo tunaweka tuta. Tukisubiri barua ijibiwe tutazika mwingine."

Nilijua kwamba mwananchi haruhusiwi kujenga kitu chochote barabarani kwa uamuzi wake. Nilijua pia mama wa marehemu alikuwa bado amekaa kwenye mkeka, na kwamba mkutano wetu wa kijiji ulikuwa umeshalizungumzia jambo hili mara nyingi bila kitu kubadilika. Nikatoa toroli langu. Nilisukuma safari tatu za udongo na mawe kwa mikono yangu, tukalijenga tuta mbele ya kituo, ndani ya kona kabisa, mahali damu ilipomwagika. Kulala usiku ule nililala vizuri, na hilo ndilo linalonitia uchungu zaidi ninapolikumbuka.

Usiku wa pili bodaboda mmoja alishuka na abiria, mama aliyekuwa ametoka kuuguza. Taa ya pikipiki humulika mbele, haimuliki pembeni, na kwenye kona mbele ni shambani. Alilikuta tuta likiwa tayari chini ya gurudumu, pikipiki ikiwa imelala kwenye kona. Dereva alivunjika mtulinga. Yule mama alichunika mikono yote miwili na upande wa uso, na tulipomwinua alitaka kujua jambo moja tu.

"Nani ameweka hiki kitu hapa?"

Ilibidi mtu ajibu.

"Ni sisi, mama."

Kabla jua halijachomoza tulikuwa tumeshalivunja, kwa toroli lilelile. Hakuna aliyezungumza. Nilipokuwa nikikwangua udongo wa mwisho kwenye lami ndipo yalinijia matawi ya mwembe, na nikaona tofauti ambayo ingepaswa kuwa wazi kwangu tangu mwanzo. Yule utingo aliweka onyo mahali ambapo dereva bado ana nafasi ya kufanya jambo. Sisi tuliweka kizuizi mahali ambapo nafasi hiyo imekwisha. Alichofahamu kijana anayelala juu ya magunia, mimi mwenye chaki na kanuni sikukifahamu.

Niseme jambo la pembeni hapa, kwa kuwa linahusiana. Madereva wetu wana desturi hii njema ya matawi, na wanayo nyingine mbaya inayotembea nayo: lori likiharibika mlimani huwekewa mawe kwenye matairi lisirudi nyuma, likishatengenezwa linaondoka, na mawe yanabaki barabarani yakisubiri pikipiki ya usiku. Ninawaomba madereva na utingo wanaosoma hapa, jiwe mlilolibeba kuliweka, libebeni pia kuliondoa.

Hatua hamsini

Nilikaa chini ya ule mwembe Jumamosi mbili, siku za gulio, tangu asubuhi hadi alasiri. Nilikuwa nimejiandaa kuona wazembe, na niliwaona kadhaa. Lakini jambo lililonishangaza lilikuwa jingine: waliotoka upande wa chini, wakipandisha, karibu wote waliipita kona kwa utulivu, na waliotoka juu, wakiwemo madereva ninaowafahamu kwa ustaarabu wao, karibu wote walikanyaga breki wakiwa wameshaingia. Nilikuwa nikisikia matairi yakilalamika mahali palepale, gari baada ya gari. Madereva wa upande mmoja hawawezi kuwa wema wote na wa upande wa pili wabaya wote.

Mwalimu mwenzangu wa jiografia alikuja Jumamosi ya pili. Alisimama kituoni, nami nikapandisha mlima, nikageuka, nikaanza kushuka taratibu huku nimejikunja kidogo ili macho yangu yawe usawa wa macho ya dereva wa gari dogo. Nilishuka, nikashuka, na simwoni. Nilipomwona hatimaye nilisimama, tukahesabu. Hatua hamsini na mbili. Tuliporudia kwa kamba yenye vipimo tulipata mita arobaini na tano.

Nilikaa kwenye bega la barabara na kufanya hesabu kwenye kiganja. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linameza mita 22 kila sekunde. Wahandisi wa barabara, wanapopima umbali ambao dereva anapaswa kuona mbele yake, humpa sekunde mbili na nusu za kuona, kuelewa na kufikisha mguu kwenye breki. Katika muda huo gari limekwenda mita 55. Kwa hiyo dereva wa mwendo huo, awe mkongwe, awe mzima wa akili na macho, anaweza kumfikia mtu aliyesimama kituoni kabla breki haijaguswa. Hata kwa kilomita 50 anabakiwa na mita kumi tu za kusimamisha gari zima kwenye mteremko, na hazitoshi.

"Sikumwona," alisema dereva wa Fuso. Sisi tulimsikia kama mtu anayejitetea.

Sisemi kwamba hana hatia. Hilo ni la mahakama, na mwendo wake siujui. Ninachosema ni kwamba nilikuwa nimemfundisha kila mtu kuendesha bila kosa kwenye barabara isiyoruhusu kosa. Mwaka 1997 Bunge la Uswidi lilipitisha sera ya usalama barabarani inayoanzia kwenye kukiri kwamba binadamu atakosea, na kwamba kazi ya wanaoijenga na kuitunza barabara ni kuhakikisha kosa lake halimalizikii kaburini. Niliwahi kulisoma hilo zamani nikaona ni mambo ya nchi zenye fedha. Sasa nilikuwa nimekaa mbele ya jambo lisilohitaji fedha yoyote kulielewa, kwa sababu kilichomzuia dereva kuona hakikuwa mlima wala mwamba.

Yalikuwa mahindi.

Upande wa ndani wa kona kuna tuta la ardhi lililoinuka kidogo, na juu yake mahindi yalikuwa yamesimama marefu kuliko mtu, majani yakigusana. Nilianza kuzikumbuka ajali moja moja, nikizihesabu kwa miezi. Januari, Februari, Machi. Tulikuwa tukisema ni mvua, ni utelezi. Mvua zetu, kama mnavyojua, huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba, na lami huteleza Desemba kama inavyoteleza Februari. Ila Desemba mahindi bado yako magotini.

Shamba la shangazi

Shamba lile ni la shangazi yangu.

Ningependa kuandika kwamba nilikwenda kwake siku ileile. Ilinichukua siku tisa. Shangazi ni mjane, na kipande kile cha barabarani ndicho kinachowahi kuiva na kumvusha kipindi cha njaa. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inaweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu na za mkoa, na mistari ya mbele ya mahindi yake ilikuwa ndani ya hifadhi hiyo bila ubishi. Lakini sikutaka kumwendea mama huyu nikiwa na sheria mkononi. Aliponilea hakuniuliza mipaka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kula au umekuja na maneno?"

"Nimekuja na maneno."

Nilimweleza yote, matawi, tuta, hatua hamsini na mbili. Alikuwa akichambua maharage kwenye ungo na hakuinua uso mpaka nilipomaliza.

"Kwa hiyo mahindi yangu ndiyo yaliyomuua mtoto wa watu?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo. Nilimwambia hapana, shangazi, lori ndilo lililomgonga, na dereva angemwona mapema pengine angeweza kusimama, pengine asingeweza, hatutajua. Alitikisa ungo, akapuliza makapi, kisha akasema anataka kuona kwa macho yake.

Kesho yake alfajiri, kabla magari hayajachanganya, nilimpandisha hadi pale utingo alipolaza matawi, nikashuka peke yangu na kusimama kituoni nikiwa nimevaa shati jeupe. Tulikuwa tumekubaliana ashuke polepole kandokando na kuinua mkono atakaponiona. Nilisubiri. Nilisikia kwanza ndala zake, halafu kikohozi chake, halafu ndipo nikamwona yeye, ameinua mkono, karibu kiasi kwamba niliweza kuona maua ya kanga yake.

Hakusema kitu. Tulirudi nyumbani kimya.

Siku iliyofuata nilipopita kwenda shuleni nilimkuta na panga. Alikuwa akikata mistari ya mbele, mahindi yenye maziwa bado, akiyapanga machache ya kuchoma upande mmoja na mabua ya ndama upande mwingine. Nilivua viatu nikaingia kumsaidia, nikachelewa kipindi cha kwanza. Nilimpa fedha ya mbegu. Alipokea nusu na kunirudishia nusu mfukoni. Mwezi Machi alipanda maharage mahali pale, ambayo hata yakikua sana hayafiki goti.

Tulipima upya. Tulisimama kwenye hatua mia moja na kumi na nne.

Mlango wa banda la kuku

Swali la matawi lilikuwa bado halijajibiwa, maana onyo la utingo halikuwapo tena na mahali pake hapakuwa na kitu. Nguzo za vibao zilikuwapo, nguzo mbili zimesimama kwenye nyasi bila kichwa. Nilipowauliza wanafunzi wa kidato cha pili nani anakumbuka kilichokuwa juu yake, mtoto mmoja alisubiri wenzake watoke.

"Mwalimu, ule mshale uko kwetu. Ni mlango wa banda la kuku."

Nilikwenda na mwenyekiti wa kitongoji, jioni, bila kelele. Kibao kilikuwa kimefungwa kwa waya kwenye fremu ya miti, mshale ukiwa umeelekea juu, umechafuka kwa kinyesi cha kuku ila bado unang'aa tulipokimulika kwa tochi. Babu wa yule mtoto alisema alikinunua kama bati kwa kijana mpita njia anayekusanya vyuma chakavu, na ninamwamini, kwa kuwa alipoelewa kilikuwa cha wapi mikono yake ilianza kutetemeka akashindwa kuifungua ile waya. Mjukuu wake hupita kwenye kona ile kila siku kwenda shule. Tulimfungulia sisi.

Nimejiuliza kama tulipaswa kulifikisha suala hilo mbele zaidi. Kibao cha barabara ni mali ya umma, na kukiondoa ni kosa. Tuliamua kukikabidhi kwa mtendaji wa kijiji, na mtendaji akalisema jambo hilo mkutanoni bila kumtaja mtu. Wiki hiyohiyo kibao cha pili, kile cha pembetatu nyekundu, kilikutwa asubuhi kimeegemezwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji. Nani alikileta hatukuuliza.

Fundi mwenye gurudumu la kupimia

Barua ilipitia kwa mtendaji wa kijiji, kwa mtendaji wa kata, hadi kwenye ofisi inayosimamia barabara yetu. Kwa wenzangu wa vijiji vingine wanaotaka kuandika: ulizeni kwanza barabara yenu ni ya nani, kwa kuwa barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS na za wilaya ziko chini ya TARURA, na barua iliyokwenda pasipohusika huzunguka miezi. Ambatanisheni vipimo. Sisi tuliandika hatua, mita, mwelekeo wa magari na mahali kituo kilipo, na fundi sanifu aliyekuja alikuwa na karatasi yetu mkononi.

Alitembeza gurudumu lake la kupimia mteremko mzima. Alirudisha vibao, akasogeza kile cha pembetatu juu zaidi, kabla kabisa ya mahali pa yale matawi. Kuhusu tuta alitueleza kwa upole, bila kujua historia yetu, kwamba ndani ya kona kwenye mteremko haliwekwi. Kinachofaa ni rasta, ile mistari iliyoinuka kidogo inayotikisa gari, kwenye ile sehemu iliyonyooka, dereva aamke akiwa bado ana barabara mbele yake. Rasta zitaombewa fedha kwenye bajeti ya mwaka unaoanza Julai. Kuhusu maharage alitukumbusha kwamba hifadhi si shamba, akayatazama, na kusema yavunwe na baada ya hapo pabaki nyasi fupi. Shangazi alikuwapo, akaitikia.

Kituo ndicho kilichobaki kigumu. Tumekihamisha hatua mia mbili kwenda chini, baada ya kona, ambako abiria anaonekana kutoka pande zote. Mvua ikinyesha watu wanakimbilia tena chini ya mwembe, pamoja na bodaboda na wenye baiskeli, kwa kuwa kituo kipya hakina hata jani la kujisitiri. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inasema watu milioni 1.19 hufa kila mwaka barabarani duniani, na zaidi ya nusu yao ni hawa hawa, waendao kwa miguu, wenye baiskeli na wenye pikipiki. Siwezi kumwambia mama mwenye mtoto mgongoni anyeshewe kwa ajili ya takwimu.

Kwa hiyo Jumamosi ijayo tunajenga kibanda kwenye kituo kipya. Wazazi wametoa miti na bati nane, vijana wa lile tuta ndio watakaochimba mashimo, na mimi ninaleta toroli. Shangazi amesema chakula cha mafundi kitatoka kwake. Itabidi iwe maharage ya mwaka jana, kwa sababu yale ya kwenye kona bado hayajakomaa. Yana maua meupe sasa hivi, na ukisimama kwenye nguzo ya mshale unaona juu yake moja kwa moja hadi kwenye shina la mwembe.